Boksi la mizigo kuwa nyumba ya safari: je, linaifaa familia?

Hamjambo watazamaji, karibuni sana. Hii iliyo nyuma yangu ni trela ya mizigo, ile ya boksi lililofungwa pande zote, na ndani yake tunalala watu watano: mimi, mwenzangu na watoto wetu watatu. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza jambo moja: badala ya kununua karavani iliyokwisha kutengenezwa, mtu achukue boksi tupu aligeuze mwenyewe? Jibu langu ni ndiyo, achukue. Ila mafanikio ya kazi nzima yanaamuliwa siku ya kununua, kabla hujashika msumeno. Vitanda utavibadilisha, jiko utalihamisha, rangi utapaka upya hata mwaka wa tatu. Lakini ekseli, yaani ule mhimili wa magurudumu, kimo cha dari, mifupa ya ukuta na milango ukishavilipia, ndivyo utakavyoishi navyo. Kwa hiyo leo tunaanza na chuma, halafu ndiyo tuingie ndani.

Njooni huku chini. Mnaona ekseli mbili. Kila moja imekadiriwa kubeba pauni 3,500, yaani karibu kilo 1,590, kwa hiyo trela nzima na kila kilichomo isizidi kilo 3,170 hivi. Boksi lenyewe ni futi 7 kwa futi 16, na likiwa tupu lina takriban kilo 1,200. Zinabaki kilo kama 1,970 za kujengea na kupakia, na kwa familia ya watu watano hapo ndipo ninapopumua.

Sasa chukua ile ndogo ya ekseli moja, futi 6 kwa 12, ambayo watu wengi huikimbilia kwa sababu bei yake inavutia. Nyingi huja na kikomo cha pauni 2,990, sawa na kilo 1,356. Boksi tupu linakula karibu kilo 600. Unabaki na 750, na unaweza kudhani ni nyingi mpaka uanze kuhesabu. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi 4 kwa 8, ina karibu kilo 30. Shiti kumi za vitanda na makabati, kilo 300 hizo. Maji lita 100 ni kilo 100, hayana mjadala. Weka magodoro, friji, betri, mtungi wa gesi, nguo, vyombo, chakula cha wiki. Hapo watoto hawajaleta baiskeli. Kwa watu wawili ile ndogo inatosha kabisa. Kwa familia siipendekezi, hata ukipewa kwa nusu bei.

Ndiyo maana nasisitiza plaiwudi nyembamba. Mlango wa kabati hauhitaji milimita 18. Sita zinatosha ukiweka fremu ya mbao nyuma yake, na uzito unashuka mpaka theluthi. Na usikisie uzito wa trela kwa macho. Ipeleke kwenye mizani ya magari baada ya kumaliza kuta, baada ya vitanda, kisha mara ya mwisho ikiwa na maji na mizigo yote ya safari.

Kuna uzito mwingine ambao wanunuzi wengi hawauulizi: ule unaoegemea kwenye kiungo cha gari, pale mbele. Kwa trela za boksi za namna hii, kanuni ya watengenezaji wa Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukipungua sana, maana yake nyuma kumelemewa, na trela inaanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyopanda. Mtikisiko huo ukishakomaa unaweza kulipindua gari lenyewe. Lakini angalia na upande wa pili. Trela yenye kilo 3,000 ikiweka asilimia 12 kwenye kiungo, gari lako limebebeshwa kilo 360 mgongoni, na ndani ya gari hilo kuna watu watano na mabegi. Gari linaweza kuwa na nguvu za kutosha kuvuta, na bado likawa limezidiwa mzigo wa kubeba. Soma kitabu cha gari sehemu zote mbili, uwezo wa kuvuta na uwezo wa kubeba, kabla ya kwenda kutazama trela yoyote.

Tangi la maji mnaliona liko hapa, juu ya ekseli kabisa. Ukiliweka nyuma, utaondoka limejaa na pua ya trela imekuwa nyepesi. Ukiliweka mbele, kila mtu anayenawa anabadilisha mizani ya trela. Likikaa juu ya ekseli, lijae au liishe, kiungo hakisikii tofauti kubwa.

Breki ni za umeme kwenye ekseli zote mbili. Huu waya mwembamba unafungwa kwenye gari: trela ikichomoka, waya unavutwa na breki zinajikamata zenyewe kwa betri yake ndogo. Hakikisha betri hiyo ina chaji. Muuzaji akikwambia breki za ekseli moja zinatosha kwa uzito huu, tafuta muuzaji mwingine.

Tuje ukutani. Nyuma ya hili bati la alumini kuna mifupa ya chuma, na hapa imesimamishwa kila baada ya sentimita 40. Trela za bei ya chini huiweka kila sentimita 60. Kwa anayebeba maboksi si neno. Kwa anayetaka kuning'iniza kitanda cha juu cha mtoto, ni neno kubwa, kwa sababu kila bolti ya kitanda lazima ishike chuma, si plaiwudi ya ukuta. Ukitaka kujua, gonga ukuta kwa ndani na usikilize, au hesabu mistari ya riveti kwa nje kama bati halikugandishwa kwa gundi.

Kimo ni futi 7 kwa ndani. Zipo za futi 6 na inchi 3, na mtu wa kimo cha kawaida atasimama humo siku ya kwanza bila shida. Lakini ukishaweka kihami joto sakafuni, plaiwudi juu yake, na dari ya pili, umepoteza kama sentimita 8. Halafu kuna dabodeka. Mtoto wa juu anatakiwa aweze kuketi kitandani bila kupinda shingo, na wa chini vilevile. Ukipima vizuri, kimo kile kifupi kinakulazimisha uchague mmoja wao. Hili la kimo halitengenezeki baadaye, jamani.

Sasa mlango, na hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi ya kote. Trela ya mizigo haikutengenezwa kwa kufikiria kwamba kuna mtu ndani. Komeo lake la kawaida ni nondo ndefu inayofungwa kwa nje, na kwa ndani hakuna kitu. Mtu akipita nje akaligeuza, hata kwa nia njema, waliomo ndani wamefungiwa. Mlango wangu wa ubavuni una kitasa cha kufungua kutoka ndani, na nondo ya nje tumeiondoa. Mlango wa nyuma ni ule wa kushuka chini kama daraja. Ni mzuri mno wakati wa mchana: unatua kwenye miguu yake, unakuwa baraza, watoto wanacheza juu yake. Usiku ukifungwa, si njia ya kutokea. Kwa hiyo lazima iwepo njia ya pili. Sisi tumekata dirisha kubwa kando ya dabodeka, linafunguka lote kwa kusukuma, na kila mtoto ameshapita hapo kwa mazoezi, mdogo kabisa akiwemo, tena gizani. Moto ukianzia jikoni, na jiko liko karibu na mlango, watoto watatoka kule kule waliko. Kama boksi unalotaka halina nafasi ya dirisha kama hilo karibu na vitanda vya watoto, mimi ningeliacha.

Haya, ndani. Jambo linalotofautisha boksi la chuma na nyumba ni hewa. Mtu mmoja aliyelala hutoa robo lita ya maji au zaidi kwa usiku, kwa pumzi na jasho. Watano ni zaidi ya lita. Gesi nayo: kila kilo ya gesi ya kupikia inayoungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Nje kukiwa na baridi, mvuke huo unatafuta mahali penye ubaridi zaidi, na mahali penyewe ni ile mifupa ya chuma, kwa sababu chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao. Ndiyo maana watu hujaza povu gumu la kuhami joto kati ya mifupa, wakaamini kazi imekwisha, kisha asubuhi kila mfupa unaonekana kama mstari wa maji ukutani. Unatakiwa kuufunika na mfupa wenyewe. Hapa kuna povu la milimita 38 katikati ya mifupa, halafu tabaka jingine jembamba limepita juu ya chuma chote bila kuacha pengo, ndipo ikaja plaiwudi ya ndani.

Hata hivyo povu halitoi mvuke nje, linauchelewesha tu kugeuka maji. Anayeutoa ni huyu hapa juu: feni ya dari, tundu la inchi 14 kwa 14, ambalo ndilo kipimo cha kawaida. Linaingia kati ya mifupa ya dari bila kukata chuma. Feni inavuta nje, na dirisha dogo upande wa pili, chini, linaachwa wazi kiasi cha vidole viwili usiku kucha. Hata kukiwa na baridi. Feni bila pa kuingizia hewa haifanyi kazi yoyote. Na chini ya magodoro weka chaga zenye nafasi, kamwe si ubao mzima, la sivyo godoro litalowa na kuota ukungu upande usiouona.

Katika kuziba tundu la dari, usitumie silikoni ya bafuni. Ikichakaa, hakuna kitu kitakachoshika juu yake. Tandika utepe wa butili, yaani utepe wa mpira unaonata, chini ya fremu, kisha juu yake ile dawa ya kuzibia mapaa ya karavani.

Gesi ina mambo mawili na yote ni ya uhai. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, kwa hiyo mtungi unakaa nje, na king'ora chake kinafungwa chini karibu na sakafu. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na yenyewe ina king'ora chake, kwenye kimo cha mtu aliyelala. Jiko si hita. Ukitaka joto la usiku, funga hita inayovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba.

Umeme sitakaa nao sana. Betri moja ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inakupa wati-saa 1,280. Friji ndogo ya kompresa itakula kama wati-saa 500 kwa siku, feni ikiwa taratibu haifiki wati 10, taa ni kidogo. Paneli ya sola ya wati 200 inarudisha hayo siku ya jua. Kiyoyozi sahau: betri hiyo itakiendesha saa moja hivi. Fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na betri, na betri za aina hii zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi 0, zitaharibika.

Choo ni kile cha kubeba, kimefichwa chini ya benchi. Sinki na ndoo. Ndiyo hivyo, na kinatosha.

Ukiamua, nenda kwanza kwa mamlaka ya magari ya nchi yako uulize ikiwa kulikata dirisha na kulibadilisha matumizi kunahitaji kusajiliwa upya. Na abiria wote wakae ndani ya gari wakati wa safari, hata njia iwe fupi kiasi gani.

Kwa wanaowinda zilizotumika: nendeni baada ya mvua. Ingia, funga milango, tazama kama kuna mwanga unaopenya. Kanyaga sakafu kwenye pembe zote, hasa karibu na bawaba za mlango wa nyuma, maana hapo maji huingia kwanza na plaiwudi huanza kuoza. Lala chini uangalie kutu kwenye maungio ya kuchomelea, si kwenye bapa la chuma. Mwisho tairi: trela hukaa miezi imesimama, kwa hiyo tairi huzeeka kabla kashata hazijaisha. Tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo uliochapwa ubavuni mwa tairi. Zikisomeka 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata ikionekana mpya kama ya jana. Tairi nne za umri huo zitoe kwenye bei kabla hujakubali.