PlantUML: mchoro unaoandikwa, mteja akausahihisha papo hapo

Nitangulize uamuzi wangu: kama unasanifu mifumo ya wateja hapa Nairobi, anza na PlantUML kabla ya chombo kingine chochote cha michoro. Ni cha bure na chanzo chake ni huria. Arnaud Roques alikianzisha mwaka 2009. Lakini vya bure viko vingi. Ninachokipendea ni kwamba mteja akikwambia umekosea, unarekebisha mchoro angali amekaa mbele yako.

Kwa asiyekijua: huburuti masanduku kwa kipanya. Unaandika mistari ya maneno kwenye faili ya kawaida, nacho kinakutolea picha. Ukitaka kusema gari lina zamu nyingi, unaandika hivi:

Gari "1" -- "*" Zamu

Unapata masanduku mawili na mstari kati yao, moja upande huu, nyota (yaani nyingi) upande ule. Alama zinazotoka ni za UML, lugha ya michoro iliyotokana na kazi ya Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson na kupitishwa na OMG, shirika la viwango vya programu, mwaka 1997. Kwa hiyo aliyesoma michoro ya klasi (aina za vitu na uhusiano wao) chuoni atausoma wako bila kuelezwa.

Nimekitumia zaidi kwenye mfumo wa hesabu wa sacco moja ya matatu yenye ofisi karibu na River Road. Mchoro wa kwanza tuliutoa kwenye fomu zao za kila siku. Fomu ina nafasi ya namba ya gari, jina la dereva, jina la kondakta na pesa iliyoletwa. Tukaonyesha mchoro huo ukutani kwa projekta: gari moja, dereva mmoja. Kondakta aliyekuwa amekuja kuleta hesabu akauliza, "Na skwodi mnamweka wapi?"

Kwa wasiopanda matatu: skwodi ni yule anayeshika gari kwa muda, dereva au kondakta mwenyewe akienda kula au kupumzika. Fomu haimjui. Karani wa hesabu akaongeza kwamba pesa ya mwenye gari inaandikwa mara moja tu kwa siku, hata kama gari limepitia mikono mitatu, na ikipungua hakuna anayejua imepungulia kwa nani. "Ndiyo maana kila jioni hapa ni kelele," akasema.

Nikafuta mstari mmoja, nikaandika miwili: gari lina zamu nyingi, dereva ana zamu nyingi. Picha ikajipanga upya na sanduku la Zamu katikati, lenye saa ya kuanza, saa ya kumaliza na kiasi. Karani akainuka, akaenda hadi ukutani, akaweka kidole juu ya sanduku lile. "Pesa iandikwe hapa."

Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya uchanganuzi wa objekti: kutafuta kitu ambacho biashara inakiishi kila siku na karatasi zake hazijakipa nafasi. Chombo hakikutafutii. Ila mchoro ukiwa rahisi kubadilisha, watu huthubutu kukukosoa, maana hawaoni kama wanakuharibia kazi ya wiki nzima.

Jambo la pili lilikuwa la urithi, yaani klasi moja kuwa aina ya nyingine. Dereva, Kondakta na MwenyeGari tulikuwa tumewaweka chini ya klasi ya Mtu kwa mshale wa pembetatu, unaoandikwa <|--. Mwenyekiti akautazama, akasema, "Mimi nina gari, na Jumapili naendesha mwenyewe." Urithi ule ukibaki, mzee huyo ataandikwa mara mbili kama watu wawili, na akibadilisha namba ya simu itabadilika upande mmoja tu. Tukautoa, tukaweka Mtu mwenye Wajibu mwingi. Udereva, ukondakta na umiliki vikawa aina za wajibu. Mistari michache tu.

Kwa kuwa faili ni maneno matupu, inakaa pamoja na msimbo wa programu kwenye Git, chombo kinachotunza kila badiliko la faili. Mwenzako akibadilisha uhusiano, unauona mstari uliotoka na ulioingia, na unaweza kumuuliza kwa nini. Picha za kawaida hazikupi hilo, na kwangu hii ni sababu tosha ya kuhama.

Sasa mipaka yake. Michoro ya klasi hupangwa na programu nyingine, Graphviz, nayo ndiyo inayoamua sanduku likae wapi. Unaweza kudokeza, upande wa kushoto au juu, lakini huwezi kulishika sanduku ukalisogeza. Mchoro ukiwa mkubwa, mistari inapishana na macho yanachoka. Ugawe: mmoja wa pesa, mwingine wa magari na watu. Michoro ya mfuatano (nani anamtumia nani nini, hatua kwa hatua) haitegemei Graphviz na hutoka safi sana. Ule wa nauli kwa M-Pesa, kutoka kwa abiria hadi kwenye mfumo wa sacco hadi kondakta apate ujumbe, hatukuugusa tena.

Kukiweka si kazi: Java inayokiendesha, halafu Graphviz. Baada ya hapo hakihitaji intaneti, na stima ikipotea unaendelea na chaji ya laptopu. Ipo seva ya wazi ya kujaribia, lakini maneno ya mchoro wako yanakwenda huko na yanabebwa ndani ya kiungo chenyewe. Usanifu wa mteja usiupeleke; tumia ya kwako.

Amri zake ni za Kiingereza, majina ya masanduku ni yako. Nawasihi muandike Zamu, Hesabu, Skwodi, na majina hayo yaingie hivyo hivyo kwenye msimbo. Karani yule asingenyanyuka kitini kama sanduku lingekuwa na jina asilolitumia.

Kwa picha za kupamba pendekezo la zabuni, zenye rangi na nembo kila moja mahali pake, draw.io, chombo cha kuburuta masanduku kwa kipanya, itakufaa zaidi. Kwa kikao na watu wenye biashara yao, fungua PlantUML, ongeza ukubwa wa herufi, na umkalishe karani karibu na ukuta.