Banda la muvi Ujiji lililotuwekea washindi wa Oscar

Jamani wadau wa Kigoma, kuna banda moja la muvi huku Ujiji, ile njia ya kushukia mwaloni, baada ya Idi liliweka pembeni mipira na muvi za mapigano kwa muda likawa linaonyesha muvi zilizoshinda tuzo za Oscar za mwaka 2025. Nimeona niandike maana sijaona banda lingine hapa mjini linafanya kitu cha namna hii na wengi hata hawajui kama lipo.

Kwa ambao hawafuatilii, Oscar ndo tuzo za filamu za Marekani, zinatolewa tangu 1929 na hizi zilikuwa za 97. Zilifanyika Los Angeles tarehe 2 Machi jioni, kwetu ikawa saa 9 usiku kuamkia tarehe 3, Ramadhani ndo imeanza kwahiyo tuliokuwa macho tunasubiri daku tulifuatilia kwenye simu. Iliyobeba tuzo nyingi ni Anora, tuzo 5, na 4 kati ya hizo kachukua mtu mmoja, Sean Baker, maana yeye ndo kaandika, kaongoza, kahariri na ni mmoja wa watayarishaji. Sasa hiyo Anora banda halikuiweka kabisa. Mwenye banda alisema wazi kwamba ina mambo mengi ya chumbani na pale wanaingia watoto na wazee, hawezi. Wapo walionung'unika eti utaonyeshaje washindi halafu mshindi mkubwa humuweki, mimi niko upande wa mwenye banda, ukumbi ni mmoja na mlango ni mmoja, lazima ujue nani amekaa pale mbele.

Walianza na Flow, katuni ya Latvia ya Gints Zilbalodis, ndo imeipa nchi yake Oscar ya kwanza, tena imeziacha Inside Out 2 ya Pixar na The Wild Robot ya DreamWorks ambazo zimetengenezwa kwa hela nyingi sana. Vijana wa hapa mnaohangaika na kompyuta nisikilizeni, hii muvi imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo yeyote anaipakua! Afu ndani yake haliongelewi neno hata moja. Ni paka, mafuriko yanakuja, dunia yote inazama, anajikuta kwenye mashua na mbwa na ndege karani na wanyama wengine ambao kwa kawaida wasingekaa pamoja. Sisi huku tumekua na muvi zilizotafsiriwa, tumekua na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, mtu akishika maiki anaongea mwanzo mwisho, kwahiyo mwanzoni watu waligeuka kuangalia nyuma wakidhani spika imekufa. Baada ya muda kidogo kimya. Watoto wa mwaloni wanajua maji yakipanda inakuwaje, 2024 Ziwa Tanganyika liliingia mpaka kwenye nyumba za watu, na paka alipokuwa anatafuta sehemu ya juu ya kukimbilia walikuwa wanampigia kelele ruka ruka huko huko, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kinachoendelea, awe Muha, awe Mbembe, awe amevuka juzi kutoka Kalemie, Kongo.

Lakini muvi iliyonifanya niandike ni I'm Still Here ya Brazil, ya Walter Salles, iliyoshinda kama filamu bora ya kimataifa, na hapo hapo ndo iliyoishinda Flow maana Flow ilikuwa inagombea hiyo tuzo pia. Ni kisa cha kweli. Rubens Paiva aliwahi kuwa mbunge, Januari 1971 wakati wa utawala wa kijeshi walikuja kumchukua nyumbani kwake Rio de Janeiro na hakurudi tena. Mkewe Eunice naye akawekwa ndani, alipotoka akalea watoto watano, akasoma sheria ukubwani akawa wakili, na cheti cha kifo cha mumewe alikuja kukipata 1996. Miaka 25 jamani! Kuna sehemu mpiga picha wa gazeti anataka familia ikae kwa huzuni, mama anawaambia wanawe watabasamu. Pale bandani sikusikia hata karanga zikitafunwa.

Na hapa nampa sifa kijana wao wa kutafsiri. Muvi ni ya Kireno, maandishi chini ni ya Kiingereza, yeye anashika maiki anatafsiri hapo hapo kwa sauti ya chini, haongezi vichekesho vyake, hasemi maneno ambayo hayapo, na mama anapokaa peke yake bila kusema kitu na yeye ananyamaza. Kutafsiri wengi wanaweza ila kujua saa ya kunyamaza ni kazi nyingine kabisa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa ng'ambo ya ziwa, filamu ilipoisha alibaki kwenye benchi akasema taratibu kwamba huyu angalau alipewa karatasi. Sikuwa na la kumjibu.

Kuhusu banda lenyewe, kiingilio jero, muvi za Oscar zilikuwa buku, sio mbaya. Picha inapigwa kwenye ukuta uliopakwa chokaa, iko safi ila pembeni kushoto kuna unyevu, panaonekana doa. Mabenchi hayana egemeo, muvi ya zaidi ya saa mbili mgongo unauma kwelikweli, hili walifanyie kazi haraka. Joto lipo. Umeme ulikatika katikati na jenereta ikawashwa fasta, ila inanguruma karibu mno na dirisha mpaka inameza sauti ya mtafsiri, waisogeze nyuma ya choo. Nje kuna dada anauza mihogo ya kukaanga na dagaa, nunueni kabla ya kuingia maana katikati ya muvi hawaruhusu kutoka na kuingia, na wako sahihi.

Ombi langu moja kubwa kwao ni muvi za nyumbani. Na sisi tuna Tamasha la Filamu Tanzania na tuzo zake, linaandaliwa na Bodi ya Filamu, 2021 lilikuwa Mbeya, 2022 Arusha, lakini washindi wake ukiwatafuta hapa Kigoma utazunguka Mwanga yote na Gungu na usiwaone. Mwenye banda kasema yuko tayari kuwaonyesha akipata nakala halali kutoka kwa wenye kazi zao, kwahiyo watayarishaji mkisoma hapa, ukumbi upo na watu wapo. Flow ilipangwa kurudiwa likizo ya Juni 2025, Jumamosi asubuhi kwa ajili ya watoto, kiingilio chao mia mbili.