Genge la Kona, Ilazo: tathmini ya familia iliyohamia Dodoma kutoka Mtwara

Tulihama Mtwara mwezi Juni mwaka jana, watu watano na mizigo ya miaka kumi na moja, baada ya mimi kuhamishiwa Dodoma kikazi. Safari ni ya takriban kilomita 1,000 ukipitia Lindi, Dar es Salaam na Morogoro, na lori tulilokodi lilichelewa siku tatu, kisha likafika kinu kimepasuka na mbuzi ya kukunia nazi haionekani. Ninaanza na vyombo hivyo viwili kwa sababu ndivyo vilivyonipeleka gengeni kwa mara ya kwanza. Nimekuwa mteja wa genge hilo kwa zaidi ya mwaka, nalo ndilo ninalolitathmini hapa, kwa kuwa watu wanaohamia Dodoma huuliza sana habari za nyumba, shule na usafiri, lakini sijasikia anayeuliza mboga ya jioni atainunua kwa nani. Kwetu sisi jambo hilo ndilo lililoamua kama tungetulia au tungeendelea kununiana mezani.

Genge lipo Ilazo, kwenye kona ambapo njia ya vumbi inakutana na lami. Halina bango. Ni meza mbili za mbao chini ya turubai la bluu, mizani ya kuning'inia, ndoo za nafaka zilizopangwa chini, na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Mwenye genge ni mama wa Kigogo wa makamo. Hapendi jina lake liandikwe, nami ninaliheshimu hilo. Mtaani anaitwa Mama wa Kona, na jina hilo litatosha.

Siku ile ya kwanza niliuliza nazi. Alikuwa nazo mbili, kavu, zilizosafiri kutoka pwani kama mimi, na bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile niliyoizoea. Nilinunua moja, nikasimama nayo mkononi nikikumbuka kwamba sina cha kuikunia. Aliniuliza nimetoka wapi, akacheka kwa upole, akaingia ndani kwake na kutoka na mbuzi ya zamani ambayo meno yake yalikuwa yameanza kulika. Aliniazima bila kuniuliza ninakaa nyumba gani. Niliporudisha jioni, alinieleza bila kuficha kwamba nikitaka kupika kila kitu kwa nazi hapa Dodoma nitamaliza mshahara, na kwamba nchi hii ina karanga.

Ushauri ule ninauweka mbele ya bidhaa zote anazouza. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvua yenyewe kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kule Mtwara pia tuna msimu mmoja, lakini tuna bahari, muhogo na minazi, hivyo jiko halikauki. Hapa jiko limejengwa juu ya vitu vinavyostahimili ukame na vinavyowekeka: uwele, mtama, karanga, alizeti, na mboga za majani zinazochumwa wakati wa mvua, zikaanikwa na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Mgeni anayeingia mwezi Juni, kama sisi, akitafuta mchicha mbichi na matembele kila siku, atanunua kwa bei ya juu na atalalamika, kumbe mboga ya msimu huo ipo mbele yake ndani ya ndoo, imekauka, na yeye anaiona kama takataka za majani.

Ndivyo nilivyouona mlenda mkavu. Mama wa Kona alinipimia kikombe kimoja na kunielekeza kwa vidole: chemsha maji pamoja na nyanya, chumvi na magadi kidogo, kisha nyunyiza mlenda huku unakoroga kwa haraka usifanye mabonge, halafu weka karanga zilizosagwa na uache moto mdogo. Mboga iliiva kabla ugali haujapoa. Mwanangu wa mwisho, ambaye alikuwa amesusa chakula kwa wiki mbili akidai samaki, aliuvuta ule mlenda kwa tonge, akaona unavyonyoosha uzi kutoka bakulini hadi mdomoni, akaomba tena. Sitasema kwamba alisahau samaki. Alikula, na kwa mama aliyekuwa akimtazama mtoto akipungua, hilo lilitosha.

Kuna jambo jingine ambalo nisingelijua bila genge hili. Maharage yangu ya kwanza Dodoma yalichemka tangu saa nane mchana hadi saa mbili usiku na bado yakawa yanagoma kwenye meno. Nililaumu maharage, nikarudi gengeni kulalamika. Hakubishana nami. Aliniuliza ninapikia maji gani, nikamwambia tunatumia maji ya kisima kilichopo kwenye nyumba tuliyopanga. Akasema, "Mama Salma, maharage hayana kosa, hayo maji ni magumu. Loweka usiku kucha, mwaga maji uliyolowekea, halafu utie magadi, kidogo tu, yakizidi yanakula ladha." Nimesoma baadaye kwamba alikuwa sahihi kabisa: madini ya kalisi na magnesi yaliyomo kwenye maji magumu huyakaza maganda na nyama ya punje, zikachelewa kulainika, na magadi huzilegeza. Muuza duka ambaye anajua bidhaa yake itafanyaje ikifika jikoni kwako anastahili kusifiwa hadharani.

Kuhusu bidhaa zenyewe, nyanya na vitunguu ni vizuri asubuhi, lakini kuanzia saa tisa alasiri nyanya huwa zimepigwa na jua, na mafungu yanayobaki si ya kulipia bei ileile. Karanga zake ni safi, zimepetwa. Mafuta ya alizeti anayouza kwa chupa ni mazito na yana harufu ya mbegu, jambo ambalo mume wangu alilikataa mwezi wa kwanza na sasa analidai. Perege wakavu wa bwawa la Mtera huja mara moja au mbili kwa wiki, nao ndio waliotuokoa na kiu ya samaki. Lakini ni lazima uwaoshe kwa maji ya moto mara mbili, kwa sababu huwa na mchanga. Zabibu huletwa wakati wa mavuno, ambayo kwa Dodoma hufanyika mara mbili kwa mwaka, na wakati huo anaziuza kwa bei ambayo mtu wa Mtwara haamini.

Zipo kasoro ambazo ninazitaja kwa sababu ninataka genge hili lidumu. Jumapili halifunguliwi hadi saa saba mchana, baada ya ibada, na mgeni asiyejua hilo atalala na njaa ya mboga. Chenji ni tatizo la kila asubuhi, hivyo nenda na noti ndogo. Wakati wa mvua turubai huvuja upande wa nafaka, na niliwahi kupata unga wa uwele wenye unyevu. Aliubadilisha bila maneno, lakini ni afadhali angeinua zile ndoo. Tena, kwa mahitaji makubwa ya mwezi, kama gunia la mchele au debe la maharage, si busara kununua hapa. Panda daladala uende Soko Kuu la Job Ndugai kule Nzuguni, karibu na stendi kuu ya mabasi, ambako utapata bei ya jumla.

Kuhusu mkopo, mgeni hakopeshwi. Niliomba mwezi wa kwanza, mshahara ulipochelewa kwa sababu ya uhamisho, akakataa kwa adabu, na ninakiri kwamba niliumia, kwa kuwa kule nilikotoka nilikuwa ninachukua samaki kwa kutikisa kichwa tu. Leo ninaona alikuwa na haki, maana tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wamekuwa wakiingia na kuhama katika mitaa hii kila mara, na wapo walioondoka na madeni yake. Mwezi wa nne tangu tuhamie alifungua daftari lake lenye jalada la kijani, akaandika mwenyewe kwa kalamu iliyokuwa inakatika wino: "Mama Salma, Mtwara, geti la bluu." Hakunieleza kwa nini siku ile. Nilichukua nyanya na vitunguu vya shilingi 2,000, nikatembea nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuipata hata siku nilipopewa ofisi.

Ukitazama meza zake vizuri utajua nani wanaishi mtaani. Kuna ndizi za kupika kwa ajili ya watu wa Kilimanjaro na Kagera, dagaa wa Mwanza, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo Wasukuma huifuata Jumamosi. Mwezi Agosti dada yangu alinitumia kwa basi kiroba cha ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini ambavyo kwetu huchemshwa na kuliwa kwa chumvi. Vilikuwa vingi kuliko uwezo wetu, nikampelekea Mama wa Kona sahani moja iliyoiva na vingine vibichi. Alionja, akafikiri, akaomba avipange vile vibichi mafungu manne juu ya meza, karibu na karanga, aone kitakachotokea. Kufikia kesho yake saa nne asubuhi mafungu matatu yalikuwa yameondoka: moja kwa mama wa Masasi anayefundisha shule ya jirani, mawili kwa familia moja ya Nachingwea. Fungu la mwisho lilinunuliwa jioni na mzee wa Newala ambaye geti lake linatazamana na letu, na ambaye kwa miezi miwili tulikuwa tukisalimiana naye kwa "shikamoo" na "marahaba" bila kujua kwamba tungeweza kuendelea kwa Kimakonde.