Vifaa vya sanaa za mikono kwa watoto wakati wa likizo: kipi ununue kwanza

Shule zikifungwa, mzazi mwenye watoto wawili watatu nyumbani hutafuta cha kuwashughulisha, na mwandaaji wa kambi ya likizo hutafuta hicho hicho kwa watoto thelathini. Dukani utaoneshwa maboksi yenye picha za kuvutia. Yaache kwanza. Nimepanga vifaa hivi kwa kigezo kimoja: mtoto anaweza kutengeneza vitu vingapi tofauti kwa kifaa kile kile.

1. Manila, mkasi na gundi nyeupe

Pesa ya kwanza iende hapa. Manila haijikunji ovyo ikipakwa gundi kama ifanyavyo karatasi ya fotokopi ya gramu 80, na inatoa kofia, vinyago vya kuvaa usoni, nyumba, kadi. Chukua rangi tatu au nne, lakini nyeupe iwe nyingi zaidi.

Usibane matumizi kwenye mkasi. Ule wa plastiki tupu hutafuna karatasi, mtoto anakereka na kuacha kazi. Tafuta wenye makali ya chuma na ncha butu, kisha uujaribu pale pale dukani kwa kukata kwa ncha, si kwa katikati tu. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto anahitaji mkasi wa kushoto. Huu wa kawaida humfichia mstari anaoukata.

Gundi nzuri ni ile nyeupe ya maji. Ukinunua kopo kubwa na kuwagawia watoto kwenye vifuniko vya chupa, inaenda mbali. Nguoni hutoka ikioshwa kabla haijakauka. Supagluu isikae karibu na watoto kabisa: inagandisha vidole na ni hatari kwa macho.

2. Ukindu

Najua wengi wangeweka rangi hapa. Mimi naweka ukindu, yaani majani ya mkindu ya kusukia mikeka, kwa sababu mtoto wa miaka saba au minane akishajua kusuka ukili mwembamba (utepe wa majani yaliyosukwa), anaweza kuushona kwa mzunguko akapata kitako cha kuwekea kikombe, kisha kikapu kidogo, na vyote vinatumika nyumbani. Kama yupo bibi anayejua kusuka, mwalimu umeshampata.

Sokoni, hasa mwambao na Zanzibar, huuzwa kwa mafungu, mweupe na uliotiwa rangi. Chagua majani marefu, uzungushe moja kidoleni: likivunjika, fungu hilo limekauka mno. Ule wa rangi usugue kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kikipata doa zito, ukindu huo utachafua mikono na nguo. Kabla ya kusuka, ulowanishe kidogo ulainike.

Ukiukosa, nenda kwa fundi cherehani umwombe mabaki ya vitenge. Yakikatwa vipande virefu husukwa vile vile, na mafundi wengi watakupa bure.

3. Rangi

Mtoto wa chini ya miaka mitano mpe krayoni nene, kwani nyembamba humkatikia mkononi. Mkubwa zaidi atafurahia rangi za maji, ila umnunulie na karatasi nzito. Kwenye daftari la kawaida ukurasa hulowa na kutoboka. Kwenye boksi tafuta alama ya EN 71, kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya watoto, ambacho pia huweka kikomo cha madini yenye sumu kama risasi (ledi).

Watoto wengi hupenda kuiga michoro ya Tingatinga, na ni mradi mzuri sana. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo huo Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta za dukani juu ya ubao mwembamba. Watoto wasitumie rangi hizo: mvuke wake ni mkali na baadhi huwa na risasi. Rangi ya maji kwenye manila, na maka peni nyeusi kwa mistari ya pembeni, inatosha kabisa.

4. Shanga

Zinapendeza, zina kazi nyingi, lakini nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu isiwe nazo, maana humkaba kooni. Nunua zenye tundu kubwa na uzi wa mpira.

5. Boksi la mradi mmoja

Lina vipande vilivyokwisha kukatwa na picha ya kuigwa. Likimalizika, limemalizika. Ningelinunua kwa safari ndefu ya basi tu, ambako mkasi na gundi havifai.