JWM, dwm, Openbox na IceWM kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 1

Kompyuta ya steshenari yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, ina RAM ya GB 1 na ubao wake haupokei zaidi ya hapo. Nilipoiwekea mfumo endeshi wa Debian 12 nilitafuta programu ya kusimamia madirisha ambayo ingeiachia LibreOffice na kivinjari nafasi ya kutosha, nikajaribu nne: JWM, dwm, Openbox na IceWM.

Nilianza vibaya, kwa kuamini safu ya RSS ya ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa. RSS huihesabia kila programu kurasa zote (vipande vya kumbukumbu) ilizo nazo kwenye RAM, zikiwemo za maktaba, yaani msimbo wa pamoja, zinazotumiwa na programu nyingine pia. Ndiyo maana Openbox, inayochora maandishi kwa maktaba ya Pango, huonekana nzito, ilhali maktaba hiyo mara nyingi imekwisha kupakiwa na programu ya mafaili. Kipimo cha haki ni PSS, kinachoonyeshwa na amri ya smem, ambacho hugawa kurasa za pamoja kwa wanaozitumia: maktaba ya MB 10 ikitumiwa na programu tano, kila moja huandikiwa MB 2. Kwa kipimo hicho JWM na dwm zilibaki mbele kwa wepesi, lakini pengo lilipungua mno.

Tena Openbox huja bila upau wa kazi. Ukiiongezea upau wa tint2, hesabu inabadilika, wakati IceWM na JWM zina upau wao tayari. Kuzilinganisha bila kulitaja hilo ni sawa na kulinganisha bei za nyama bila kusema ipi imepimwa na mfupa. Picha ya mandhari nayo haionekani kwenye hesabu ya programu hizi: kwenye kioo cha 1366 × 768, kwa baiti 4 kila nukta, ni takriban MB 4, na kwa kawaida huhesabiwa upande wa Xorg, programu inayoonyesha picha kwenye kioo.

Dwm ni ndogo kweli, lakini kubadilisha mipangilio yake ni kuhariri faili la lugha ya C na kuikusanya upya (compile). Siku ya pili binti anayehudumia wateja aliniita kwa hofu: "Mjomba, CV ya mteja imefutika!" Haikufutika, alikuwa amebofya namba 2 juu kushoto, akahamia eneo tupu. Mteja alikuwa amesimama pale pale, pesa mkononi.

Nimebaki na IceWM. Si nyepesi kuliko zote, ila menyu yake iko chini kushoto ambako kila mtu huitafuta, na kivinjari chenye ukurasa mmoja tu kilikula RAM nyingi kuliko programu zote nne zikijumlishwa. Picha ya mandhari, ya shamba la zabibu, nimeiondoa, nikaweka rangi ya kijivu. Binti bado ananinunia.