TAHADHARI: dola ya 1893-S kwenye kasha feki, namba ya cheti ya kweli

Jamani, nimekaa na hili jambo siku tatu nikiona aibu kulisema. Lakini nikinyamaza atampiga mwingine, na najua kuna watu humu anaongea nao sasa hivi. Yule muuzaji mnamjua, yule wa zile sarafu mbili za mwanzo nilizozisifia kwenu. Ni tapeli! Kaniingiza mjini mchana kweupe.

Mnajua nimeitafuta 1893-S kwa muda gani. Kwa wasiofuatilia Morgan, yaani dola za fedha za zamani za Marekani, S ni kiwanda cha San Francisco, na mwaka ule walipiga dola 100,000 tu, idadi ndogo kuliko zote za Morgan zilizotolewa kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo aliponiambia anayo, moyo ulishanitangulia.

Tukapigiana simu ya video. Mezani kitambaa cheusi, taa moja pembeni. Akalishika kasha, lile la plastiki ambalo kampuni ya kukagua sarafu huifungia sarafu pamoja na lebo ya gredi, kwa ncha za vidole, akawa analigeuza polepole mpaka mwanga unazunguka juu ya fedha. "Angalia nywele juu ya sikio," akasema, "zimelika kidogo tu. Haya, kifua cha tai, manyoya bado yapo. Hii ni 53 bila ubishi, na kampuni yenyewe imeshaandika." Lebo kweli ilisema AU-53, gredi ya sarafu iliyolika kidogo tu. Halafu akanyamaza, akaniacha niangalie. Ule ukimya ndio ulionimaliza, kwa sababu muuzaji mwenye pupa ningemshtukia.

Na msiseme sikukagua. Simu ikiwa bado hewani nikaingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyotajwa kwenye lebo. Ikaja 1893-S, AU-53, kila kitu sawasawa. Nani asingeamini? Tena mtu huyuhuyu kwenye ile sarafu ya pili alinipunguzia bei mwenyewe, akisema ina mkwaruzo ambao mimi nilikuwa hata sijauona. Mtu anakuonyesha kasoro ya mali yake, utamshuku vipi? Kumbe zile mbili zilikuwa chambo.

Kifurushi kilipofika nilisubiri watoto walale. Nikakaa, nikapitisha ukucha kwenye mshono wa kasha, nikiwa nalishangilia tu. Ukucha ukaingia. Kasha la kweli linaunganishwa kwa mtetemo mpaka plastiki inayeyuka na kushikana, hulifungui bila kulivunja. Hili likaachia, nusu mbili safi kabisa, na sarafu ikaniangukia kiganjani. Nilihisi baridi mpaka miguuni.

Nikachukua lenzi. 1893-S zote halali upande wa uso zilipigwa kwa muhuri mmoja, kwa hiyo zote zina kimstari cha mshazari kwenye sehemu ya juu ya T ya neno LIBERTY. T yangu laini, haina kitu. Kwenye ubapa, ile sehemu tupu isiyo na picha, kuna vipele vidogovidogo, ndani ya herufi pia. Nikaiweka kwenye mizani, ikasoma gramu 24.9. Morgan ni 26.73. Nikabadilisha betri, nikapima tena mara nne. 24.9.

Ndipo nikarudi kwenye ile tovuti, nikashuka chini ya namba. Picha ya sarafu yenyewe ilikuwepo muda wote. Ile ya kweli ina mkwaruzo shavuni kwa Liberty, yule mwanamke wa kwenye sarafu, yangu haina. Amenakili namba ya sarafu ya mtu mwingine! Siku ile niliona gredi imelingana, nikaishia hapo.

Nilipomwandikia alijibu mara moja tu: "Namba ulikagua mwenyewe, mzigo umepokea." Akanifungia.

Huyu mtu asiachwe. Afukuzwe kila kundi la wakusanyaji, kila alipo. Hata kule Marekani sheria ya 1973 inataka nakala ya sarafu igongwe neno COPY, yeye kaitia kwenye kasha la kughushi na lebo ya kughushi. Hapo huwezi kuniambia kateleza, huo ni wizi wa kupangwa. Nimesharipoti polisi na nimewapa meseji zote. Sitaki pole yake, nataka akamatwe.

Dalili zilikuwepo, sasa ndiyo naziona. Ukingo wa kasha hakuuonyesha hata mara moja, kila nikiuliza anarudi kwenye nywele na tai. Nilipotaka mtu wa tatu aiangalie kwanza, akasema kuna mwingine anaisubiri. Namba ikikubali msiishie hapo, linganisheni picha, mkwaruzo kwa mkwaruzo, doa kwa doa. Mengine nitaongeza nikitulia, kwa sasa hasira hainiruhusu.

Jana usiku ameweka sokoni Morgan nyingine adimu, 1889-CC, na kitambaa ni kilekile cheusi. Kama ni wewe unayeongea naye, usitume chochote, nitafute kwanza nikuonyeshe hili kasha. Ninalo hapa, nusu zote mbili.