Raspberry Pi na cron kwa bruda ya vifaranga, uzoefu wangu

Nimekaa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya saizi ya kiganja, miezi nane sasa hapa Bahati, Nakuru, kazi yake ni moja tu, kuwasha na kuzima balbu za joto kwenye bruda, yaani banda la kulelea vifaranga, kwa kutumia cron, programu inayoendesha kazi kwa saa ulizopanga, na kusema ukweli nimeipenda sana.

Kuanza si ngumu. Unaandika crontab -e kwa terminal kufungua orodha ya kazi za cron, halafu unaandika mstari mmoja: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki, halafu skripti yako, ile faili ya amri za kuwasha au kuzima balbu. Saa kumi na mbili jioni unaandika 18 pale kwa saa. Na uandike njia nzima ya faili, skripti yangu ilikuwa inaenda poa nikiiendesha kwa mkono lakini ikiachiwa cron kimya. Pia angalia majira ya saa ya nchi, Pi yangu ilikuja na saa ya London na ilikuwa Juni, balbu zikawa zinawaka saa mbili usiku mpaka nikaweka Africa/Nairobi.

Sasa kile kitu kiliniumiza. Siku moja stima ilipotea saa kumi na moja unusu jioni ikarudi saa moja na nusu, nikaona Pi imewaka yenyewe nikaenda kulala nikiwa na amani. Saa tisa usiku nasikia vifaranga wanalia, kuingia nakuta wamerundikana kona moja wamepandana, kushika balbu ni baridi kabisa. Kumi na mmoja wa chini walikuwa wameshakufa. Kumbe cron ikipitwa na dakika yake hairudi nyuma, saa kumi na mbili ilipita Pi ikiwa imezima, basi ikangoja kesho.

Kwa hivyo siiambii tena iwashe saa fulani. Nimeweka */5 pale kwa dakika, kila dakika tano skripti inaangalia saa, kama ni usiku inawasha, kama ni mchana inazima, stima irudi saa yoyote ile. Halafu Pi 4 haina betri ya saa, ikizimika inaamka na saa ya zamani hadi ipate intaneti, so nikaongeza DS3231, kile kidude cha saa chenye betri ya kidonge. Usiruke hii kama bando lako huisha huisha.

Juzi stima imepotea mara mbili usiku mmoja, nikatoka na tochi kila ikirudi kuangalia. Mara zote mbili nilikuta balbu zinawaka na vifaranga wametawanyika chini yake.